Pumzi ya Njaa, Pumzi ya Mwisho

Ukishika barabara ya kutoka Isiolo kwenda Modogashe utapita Kulamawe, mji mdogo ambao jina lake halihitaji kamusi. Hapo ndipo ningependa kulijaribia neno ninalolitafutia Kiswahili: upimaji wa pumzi, yaani mtu mzima apulize kwenye kifaa ili ijulikane kama mwili wake umekosa chakula.

Kwenye kaunti kame kama Isiolo, utapiamlo hutafutwa kwa utepe wa mkononi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipimwa mzunguko wa mkono ukawa chini ya sentimita 11.5, utepe unaingia kwenye nyekundu na hakuna ubishi. Mtu mzima ana hesabu yake: kilo zigawanywe kwa mraba wa urefu wake kwa mita, na jibu likishuka chini ya 18.5, amekonda kupita kiasi. Lakini mpime urefu ajuza aliyepinda mgongo, au umpandishe kwenye mizani mtu ambaye miguu imejaa maji, uone hesabu inavyokudanganya. Ndiyo maana pumzi inavutia.

Mwili uliokosa wanga hugeukia mafuta yake wenyewe. Ini huyafanya ketoni, na mojawapo, asetoni, ni nyepesi kiasi cha kutoka kwenye damu, kuingia mapafuni na kwenda zake na hewa tunayotoa. Ni asetoni ileile ya saluni inayofuta rangi ya kucha. Kadiri siku za kutokula zinavyoongezeka, ndivyo inavyozidi kwenye pumzi. Njia nyingine ni kulinganisha kabonidayoksaidi inayotoka na oksijeni iliyotumika: anayeunguza wanga peke yake hupata 1, anayeunguza mafuta hushuka hadi karibu 0.7.

Tatizo langu ni lile neno utapiamlo. Pumzi inasema mwili unaunguza nini sasa hivi. Haisemi kama damu ina upungufu wa madini ya chuma, wala kama macho yanakosa vitamini A, na yote hayo tunayaita utapiamlo. Tena mfugaji aliyeshinda siku nzima kwa nyama na mafuta aweza kutoa asetoni akiwa ameshiba vizuri, na mgonjwa wa kisukari aweza kuitoa kwa wingi bila kukosa mlo hata mmoja. Kwa hiyo kukiita kifaa hiki “kipimo cha utapiamlo” ni kukipa sifa isiyo yake. Ningekiita kipimo cha pumzi ya njaa. Waborana, ambao ndio wengi Kulamawe, wana neno beela, njaa, wala halidai kujua zaidi ya hapo.

Kipo kipimo kimoja kinachostahili jina kubwa kidogo. Mtu hunywa sukari ya maziwa, kisha hupuliza kila baada ya muda. Haidrojeni ikipanda, bakteria wa utumbo wameila sukari ambayo mwili ulishindwa kuifyonza. Hapo mtu anakula na bado hapati, na hilo ni jambo la utapiamlo hasa.

Kitenzi nacho kina mtego. Kenya nzima inajua kupuliza ni kwa alkoblo, kile kifaa cha kupimia pombe, mbele ya polisi, usiku. Ukimwambia mzee wa Kiislamu “puliza hapa” bila maelezo, umeshamshuku kwamba amekunywa. Afadhali: “Mzee, vuta pumzi, ishike kidogo, kisha itoe polepole humu.”

Halafu kuna sehemu iliyonipa shida kuliko zote. Katika pumzi ya kawaida ya mililita 500 hivi, 150 za kwanza ni hewa iliyoishia kwenye koo na mirija, haikugusa damu. Hizo huachwa zipite; inayokusanywa ni ile inayotoka mwishoni, kutoka ndani kabisa ya mapafu. Mfasiri mwenye haraka ataandika “pumzi ya mwisho”, na kwa sarufi hana kosa. Mimi nimeandika “pumzi ya ndani”. Sioni nitakavyomkalia mzee wa watu huko Kulamawe, baada ya msimu wa ukame, nimwambie kwamba nimekuja kuchukua pumzi yake ya mwisho.