Ikulu ya Nyasi

Ukitajiwa jumba la kale akili yako inakimbilia mawe: Ngome ya Yesu kule Mombasa, magofu ya Kilwa, piramidi za Misri. Sisi wa bara, ambao babu zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, tumezoea kujiona watu wasio na cha kumwonyesha mgeni. Mimi nabisha, na ushahidi wangu nimeutoa Kampala, nilikokwenda kutembea na mke wangu.

Tulitoka hapa Kambarage, Shinyanga, tukapita Geita na Bukoba, tukavukia mpaka wa Mutukula. Jirani mmoja alicheka sana: mapumziko gani hayo ya kwenda kutazama makaburi?

Makaburi yenyewe yako kilimani Kasubi. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga hapo ikulu yake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, na baadaye wakamfuata Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba kuu inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni duara lenye upana wa mita 31, na paa lake la nyasi linashuka hadi karibu na ardhi. Unavua viatu mlangoni, unakaa chini. Ukiinua macho unaona pete 52 zinazozunguka paa kwa ndani, kila pete kwa ukoo mmoja wa Waganda. Nyuma ya pazia la magome ya mti ndiko walikolala wafalme, na huko mgeni haingii.

Sasa sikiliza. Machi 16, 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. UNESCO, iliyoitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini mwaka 2023 ikaitoa humo, maana nyumba ilikuwa imesimama tena! Iliwezekanaje? Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na mapambo ya ndani ni ya ukoo wa Ngo, tangu enzi. Moto ulichoma nyasi, haukuchoma ujuzi.

Siku ya pili tukaenda Mengo, kwenye Lubiri, ikulu nyingine ya Kabaka. Mei 24, 1966 jeshi la Obote likiongozwa na Idi Amin liliivamia. Mutesa wa Pili akaponea kwenye ukuta, akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Humo ndani lipo ghala la zege ambalo wakati wa utawala wa Amin watu waliteswa na kufia ndani yake. Zege hilo halihitaji ukoo wa kuliezeka. Lipo tu. Mke wangu alichungulia, akanishika mkono, tukatoka.

Jioni tukila matoke akaniuliza, "Baba Kulwa, na ikulu zetu sisi ziko wapi?"

Swali zito, bwana. Neno lenyewe ikulu ni la kwetu: kwa Kisukuma ni makazi ya mtemi. Busiya, hapa hapa Shinyanga, ndiko alikotawala Mtemi Kidaha Makwaia, ambaye mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa machifu. Uganda nayo ilifuta falme mwaka 1967, ikazirudisha mwaka 1993 kama mila. Za kwetu hazikurudi namna hiyo. Ngoma za watemi utaziona Bujora, karibu na Mwanza, zimehifadhiwa vizuri kwenye makumbusho. Lakini ngoma ni ngozi na mti. Anayejua ilipigwa lini na kwa nini ni mzee aliyekaa nje ya nyumba yake huko Kishapu au Kahama, na kila masika wanapungua.

Nimo katika kuandika riwaya ya ikulu ya mtemi. Sitaijenga kwa mawe ya kuazima. Nimeshanunua daftari, na kila Jumamosi napanda basi kwenda vijijini na maswali matatu: nani alikata nyasi, nani aliezeka, nani alikuwa wa kwanza kuingia? Nawe mwenzangu wa kalamu, anza na babu yako kabla hujaanza sura ya kwanza.