Hisa Moja, Mizani Mbili

Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Tumezoea kulisikia neno hilo likihubiriwa kwa wauza nafaka, lakini linafika hata kwenye jengo la ghorofa 50 mjini Houston, Marekani, yalipokuwa makao ya Enron, kampuni ya gesi na umeme.

Wakubwa wa Enron walilipwa sehemu kubwa ya mapato yao kwa haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya siku waliyopewa haki hiyo. Tuseme bei ilikuwa dola 30 na sasa ni 80: mkubwa analipa 30, na dola 50 ni zake. Bei ikishuka, haitumii haki yake, wala hajatoa senti. Wafanyakazi wa kawaida nao walipewa kiasi, ila tegemeo lao lilikuwa akiba ya uzeeni. Kampuni iliwaongezea humo hisa zake yenyewe, na hizo hawakuruhusiwa kuziuza kabla ya kutimiza miaka 50. Zaidi ya nusu ya akiba yote ikawa hisa za Enron.

Hatusemi kwamba haki ya hisa ni mbaya yenyewe. Mwaka 1991 Starbucks ilianza kuwapa hata wahudumu wake wa kahawa, wakiwamo wanaofanya kazi saa chache.

Agosti 2000 hisa moja ya Enron ilifika dola 90, kisha ikaanza kushuka. Jeffrey Skilling, aliyejiuzulu ukurugenzi Agosti 2001, aliuza hisa 500,000 mwezi uliofuata, na baadaye mahakama ilimtia hatiani kwa mauzo hayo. Siku chache baada ya mauzo hayo, mwenyekiti Kenneth Lay, mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti (hilo latuuma sisi wa kanisani), aliwaambia wafanyakazi kwamba bei hiyo ni nafuu kubwa. Mwaka huohuo yeye alikuwa akiirudishia kampuni hisa zake kwa mamilioni ya dola.

Mwishoni mwa Oktoba mfuko wa akiba ulifungwa kwa wiki mbili hivi ili kubadili msimamizi. Sababu huenda ilikuwa ya kweli, lakini mlango uliofungwa ni wa wadogo tu. Tarehe 2 Desemba kampuni ikaomba kufilisiwa. Maelfu walipoteza kazi na akiba kwa pamoja, huku wateule wapatao 500 wakiwa wamelipwa bonasi ya dola milioni 55 siku chache kabla.

Julai 2002 Bunge la Marekani lilitunga sheria: mfuko wa wafanyakazi ukifungwa, wakurugenzi nao wasiuze hisa walizopata kazini. Ruhusa ya mfanyakazi kuuza hisa alizoongezewa na mwajiri baada ya miaka mitatu kazini ilingoja hadi 2006. Aliyekuwa na miaka 45 Enron ilipoanguka alikuwa tayari ametimiza 50.