Kuta za Makina

Ukitaka kujua nani ana hati ya ardhi Nairobi na nani hana, tazama kuta.

Anzia Makina, Kibera, kwa Wanubi. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles (KAR), na jina lenyewe, kibra, kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea ekari 4,197, lakini hati haikuwapa. Asiye na hati hajengi kwa mawe. Basi wakasimamisha fito, wakakandika udongo, wakaezeka mabati. Ramani waliijua: nyumba ya Kiswahili, mlango katikati, ujia mpaka uani, vyumba huku na huku.

Kikwanguke kipande cha plasta utaona fito zilivyofungwa na vijiwe vilivyoshindiliwa katikati. Mvua huanza kula chini, ndiyo maana wengi hupiga saruji kimo cha goti.

Mji ulipofurika, ua ukawa mali. Chumba kikaongezwa, kingine kikaegemea hicho, mpaka ikawa safu ya vyumba vya futi kumi kwa kumi, kila kimoja na familia yake. Hiyo ndiyo ploti, na wanaoishi humo ni wengi kuliko waliowahi kuishi katika nyumba yoyote ya kifahari jijini.

Kawangware nako kuna ploti za mabati, ila historia yake ni nyingine. Iko Dagoretti, iliyokuwa ardhi ya Wakikuyu, na wenyewe wana hati zao. Huko mwenye ploti akipata pesa hubomoa safu, akapandisha ghorofa ya mawe.

Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Haki imechelewa, lakini imefika, na mawe yatafuata. Siwalaumu, nani anapenda kukandika ukuta kila baada ya masika?

Hata hivyo, Uingereza baadhi ya safu za nyumba za matofali za wafanyakazi hulindwa kisheria, na sisi tunayo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Turathi si lazima iwe ya mawe ya matumbawe kama Lamu. Makumbusho ya Taifa waje Makina na futi zao, wapime, wapige picha, wawaulize wazee nani alikata fito zile, na wachague nyumba mbili tatu za kuhifadhi, wenyewe wakiridhia. Waje kabla ya mawe.