Furu wa Mwalimu

Siku nilipoua samaki kumi na mmoja kwa usiku mmoja sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilikuwa kidato cha pili, Tarime mjini, na nilikuwa nimemsumbua mjomba mpaka akanikatia vioo vitano kwa fundi madirisha. Tukavigandisha kwa silikoni, tangi likakaa sebuleni juu ya meza ya redio. Mjomba kazi yake ilikuwa kuleta samaki kutoka Kinesi, basi akanijia na kidumu chenye furu wadogo, wazima kabisa. Wiki mbili nzima majirani walikuja kuwatazama kama wanatazama mpira. Halafu rafiki yangu mmoja wa Kirumi akanipa kambale, si mkubwa, wa kama kiganja na vidole vyake. Nikamtia humo humo. Kulipokucha nilimkuta kambale peke yake, tumbo limemtuna, ametulia kama mzee aliyetoka harusini.

Babu alikuja kutazama. Hakucheka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hukuvumbua kitu. Hivyo hivyo ndivyo walivyofanya ziwani."

Kambale tulimla Jumapili. Lakini neno la babu halikumezeka, na ndilo lililonituma kuitafuta historia hii.

Ndugu msomaji, furu unamjua. Ni kile kisamaki cha kukausha juani, cha fungu la bei ya chini, ambacho mgeni wa heshima hatengewi. Lakini furu si samaki mmoja. Katika Ziwa Victoria wataalamu walihesabu aina zipatazo 500, karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Na ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita kisha likajaa tena, yaani ukoo huo mzima ulichanua kwa muda ambao kwa viumbe ni kama jana tu. Kila aina ilijipatia kazi yake. Wako waliokula mwani, wako wavunja konokono, wako waliobandua magamba ya wenzao, na wako wezi waliokula mayai na watoto wa wengine. Jike hulea mayai kinywani mwake, hali chochote mpaka watoto watoke. Dume naye hujipamba rangi, na jike huchagua kwa macho.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Nyavu za kisasa zilizoingia mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimemaliza ngege, samaki mtamu wa wazee wetu. Maofisa wa kikoloni wakatazama ziwa wakaona limejaa furu, wakawaita samaki takataka. Wakasema, tutie samaki mkubwa awale hawa wadogo awageuze minofu. Wataalamu wengine walipinga, lakini mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert alitiwa ziwani upande wa Uganda, kimya kimya. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine, safari hii waziwazi. Sangara ni mnyama wa kufika mita mbili na kilo 200. Furu hawakuwahi kuishi na mdomo kama huo.

Miaka kama 20 hivi hakukuonekana jambo. Kuanzia 1970 hivi, furu walikuwa bado takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye maji wazi ya Ghuba ya Mwanza walikuwa hawafiki hata asilimia moja. Aina zipatazo 200 zilitoweka au zikabaki kidogo mno.

Tunajua hayo kwa sababu tangu 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza wakihesabu furu, wakajikuta wanaandika tanzia. Kati ya samaki wa kwenye miamba walimwona mmoja: dume lake mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi, tumbo jeusi. Mwaka 1985 wakamwita Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Mwaka ule ule Mwalimu aling'atuka. Na tangu 1998 samaki huyo na wenzake wenye mistari wamewekwa katika jenasi iitwayo Pundamilia. Fikiria, bwana! Jina la mwana wa Butiama limeunganishwa na mnyama wa Serengeti, vyote ndani ya mkoa wetu wa Mara, na mimi nilimaliza shule bila kusikia hata neno moja.

Wanaomjua ni watu wa mbali. Uholanzi, Ujerumani na Marekani furu wa Mwalimu anafugwa sebuleni, na bustani za wanyama huko zimetunza aina nyingine za furu wakati ziwani zilikuwa hazionekani tena. Wafugaji hao wana masharti yao. Tangi liwe kubwa, lita 200 au zaidi. Maji yawe na joto la 24 hadi 27, na yaelekee kwenye magadi kidogo. Mawe yawe mengi, aliyeshindwa apate pa kujificha. Dume mmoja apewe majike kadhaa, maana madume wawili katika nafasi finyu ni vita. Usichanganye aina mbili ambazo majike yake yanafanana, utapata machotara. Gogogo anaweza kukaa nao, bora asiwe wa ukubwa wa kuwameza. Na mwenye mdomo mkubwa asitiwe kamwe. Sharti hilo la mwisho mtoto wa Tarime alijifunza kwa kambale mmoja. Ziwa zima lilijifunza kwa sangara.

Lakini nisiwe mnafiki. Ada yangu ya shule ilitoka kwa sangara. Mjomba alijenga kwa sangara, na viwanda vya minofu vya Musoma na Mwanza viliajiri watu. Anayemlaani sangara tu hajakaa na njaa. Hata furu, sangara walipovuliwa sana, aina kadhaa zilianza kurudi kuanzia miaka ya 1990, nyingine zikiwa zimebadilika maumbile. Waliosalimika zaidi ni wa kwenye miamba, akiwamo huyu wa Mwalimu, na wale wa kwenye mafunjo, kwa kuwa sangara hawezi maji yenye hewa haba.

Hatari nyingine ni maji yenyewe. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba ziwa likichafuka, jike haoni rangi za dume, huchagua ovyo, na aina mbili huyeyuka zikawa moja. Tope hilo halitoki mbinguni. Linatoka kwenye mito, na wetu ni Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti na kuishia kwenye mafunjo ya Kirumi. Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilisema mimea iliyooza na kinyesi cha mifugo vilimaliza hewa majini. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Mimi si mkemia. Ninachojua ni kwamba mwenye tangi maji yakiwa meusi habishani tu, anashika ndoo.

Tangi langu lingali lipo kwa babu, wamewekea vitabu. Nawe unayetaka kuandika, usingoje kisa kitoke ng'ambo. Nenda Kinesi, nenda Kirumi, kaa na wazee wakutajie majina ya samaki waliowahi kuwala na hawawaoni tena. Yaandike na majina yenyewe. Wale wa Leiden waliandika kwa lugha zao, na ndiyo maana babu alijua kisa na mimi sikukijua.