Kusafisha Metali na Kupima Uchafu Wake: Safari ya Miaka 5,000

Ni nadra metali kutoka ardhini ikiwa peke yake. Dhahabu huja na fedha ndani yake, fedha huja na risasi, nayo shaba hubeba arseniki, chuma na hata chembe za dhahabu. Kuzitenganisha ni kazi ya sayansi mbili zilizokua pamoja, moja ya kusafisha na nyingine ya kupima. Kipimo kilipofichua uchafu mdogo zaidi, mafundi walitafuta namna ya kuuondoa. Na metali ilipozidi kuwa safi, kipimo cha zamani hakikufua dafu tena.

Njia kongwe ni ya tanuri na risasi, iliyojulikana Mashariki ya Kati zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Metali chafu iliyeyushwa pamoja na risasi huku hewa ikipulizwa juu yake. Risasi iliungana na oksijeni, ikazoa shaba na metali nyingine duni, na sehemu yake ikanywewa na kijungu. Fedha na dhahabu, ambazo oksijeni haiziathiri kwa urahisi, zilibaki zikiwa tone linalong'aa.

Hata hivyo, njia hiyo haikuweza kutenga dhahabu na fedha. Jibu lilipatikana Sardi, mji mkuu wa Lydia, katika Uturuki ya leo, katika karne ya 6 KK. Mafundi walipanga vipande vyembamba vya dhahabu na chumvi ndani ya vyungu, wakavipasha moto kwa muda mrefu bila kuviyeyusha. Fedha iligeuka kloridi na kutoka, dhahabu ikabaki. Wanaakiolojia walifukua karakana hizo kando ya mto Pactolus katika miaka ya 1960.

Sarafu za dhahabu zilileta swali la uaminifu: mpokeaji angejuaje kwamba dhahabu yake haikuchanganywa? Wafanyabiashara walisugua sarafu kwenye jiwe jeusi na kulinganisha rangi ya mchirizi, lakini hayo yalikuwa makadirio tu. Kipimo cha uhakika kilirudi kwenye tanuri. Sampuli hupimwa uzito, huongezwa fedha, hufungwa ndani ya bati jembamba la risasi na kuchomwa katika kijungu cha majivu ya mifupa. Tone linalobaki hupondwa hadi kuwa bamba jembamba, kisha huchemshwa katika asidi ya nitriki inayoyeyusha fedha yote. Dhahabu iliyosalia hupimwa tena, na tofauti ya uzito huonyesha kiasi cha uchafu. Mtaalamu wa madini Georgius Agricola aliandika kwa kina juu ya upimaji wa tanuri katika kitabu chake cha mwaka 1556. Nchini Uingereza sarafu za serikali zimekuwa zikijaribiwa hadharani tangu karne ya 13, na desturi hiyo ingali hai.

Karne ya 19 ilileta hitaji jipya: nyaya za simu za maandishi. Mwaka 1857 mwanafizikia William Thomson alionyesha kwamba nyaya za shaba kutoka kwa watengenezaji tofauti zilipitisha umeme kwa viwango vilivyoachana sana. Arseniki kidogo tu ilitosha kuidhoofisha shaba. Mwaka 1865 James Elkington alipata hataza ya kusafisha shaba kwa umeme. Bamba la shaba chafu huyeyuka taratibu ndani ya mmumunyo, shaba safi hujijenga kwenye bamba la pili, nayo dhahabu na fedha huzama chini kama tope lenye thamani. Kwa upande wa dhahabu, Francis Bowyer Miller wa Sydney alianza kupitisha gesi ya klorini katika dhahabu iliyoyeyuka mwaka 1867. Mwaka 1874 Emil Wohlwill wa Hamburg alitumia umeme kuifikisha kwenye usafi wa asilimia 99.99.

Kwa metali safi kiasi hicho, mizani peke yake haikutosha. Huko Heidelberg, mnamo 1859 na 1860, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walikuwa wameonyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake ya mwanga, hata ikiwa kidogo mno. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alitumia mwanga unaofyonzwa na atomi kupima kiasi chenyewe.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilidai usafi usiowahi kuhitajika. William Pfann wa maabara ya Bell Labs alipitisha joto taratibu kutoka ncha moja ya mche wa jermaniamu, malighafi ya transista za mwanzo, hadi nyingine. Uchafu ulielekea kubaki katika sehemu iliyoyeyuka, ukasogezwa hadi mwisho na kukatwa. Baada ya kurudia mara nyingi, uchafu ulishuka chini ya atomi moja kwa kila atomi bilioni 10. Vipimo vya kikemia vya wakati huo havikuuona. Ulijulikana kwa tabia ya umeme ndani ya mche. Tangu miaka ya 1980, mashine zinazogeuza sampuli kuwa plazima, yaani gesi moto yenye chaji za umeme, na kupanga atomi zake kwa uzito husoma sehemu moja katika bilioni, na hata chini ya hapo.

Kwa nchi zinazochimba dhahabu, ujuzi huu ni mapato. Tanzania ilizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza mwaka 2021, na bei ya kila mche unaotoka kiwandani hutegemea namba ya usafi iliyogongwa juu yake. Namba hiyo huaminika kwa kadiri maabara iliyoitoa inavyoaminika. Nchi inayotaka kuuza dhahabu safi sharti iwe pia na wapimaji wake, wenye vifaa na uadilifu.