Jamaa si nyumba: posho na ndugu katika kambi za Union Minière

Katika Lubumbashi, ukimuuliza mtu "Jamaa yako iko na watu wangapi?", kwanza anasita. Anaweza kujibu saba, maana anahesabu wale wanaokula bukari pamoja naye mu lupango. Ao anacheka tu, kwa sababu jamaa haihesabiki: kuna baba wadogo, mama wakubwa, wajomba, wankambo, wengine wako Kamina, wengine Kasenga. Wenye elimu ya jamii wanatenga mambo hayo mawili. Jamaa ni damu na ndoa, umbali hauivunji. Nyumba, ile tunayoita menaji, ni paa moja na chungu kimoja. Mtoto wa dada yako anayelala kwako ni wa nyumba yako. Kaka yako wa Likasi ni wa jamaa, lakini si wa nyumba.

Wazee wetu walijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu. Kwa Walamba, wenye udongo huu wa Lubumbashi, na kwa Wasanga na Wabemba vilevile, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analala na watoto wake, anawalisha, lakini neno kubwa juu yao liko kwa mjomba. Basi ndani ya nyumba moja mlikuwa koo mbili, na hakuna aliyeshangaa. Kwa Waluba wa Katanga ni kinyume: mtoto anafuata baba.

Halafu ikaja Kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mji ukafuata mwaka 1910. Mwanzoni ilitaka wanaume peke yao, wa miezi michache, kisha warudi kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka, na kila mara ilipasa kutafuta wapya mbali: Rodezia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Ni gharama kubwa. Tangu miaka 1927 na 1928 ikageuza mpango: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na bibi yake.

Hapo njo hesabu ilianza. Posho ilipimwa kwa kuangalia karatasi: mume, bibi mmoja, watoto wao. Bibi wa pili hakuwa na unga, na mama mzazi wa mfanyakazi hakuwa na unga. Mgeni wa kulala alipaswa kujulikana kwa wakubwa wa kambi. Watoto walipimwa uzito, walilishwa, walipelekwa shule kwa faida ya kazi ya kesho. Hatusemi yote yalikuwa mabaya. Watoto wengi walipona kwa ajili ya zile dispanseri. Lakini Kampuni iliita "jamaa" kitu ambacho kilikuwa nyumba tu, tena nyumba iliyokatwa kwa kipimo chake. Baba Mlamba, ambaye kijijini alikuwa mgeni katika ukoo wa watoto wake, kambini akawa mkubwa wa jamaa kwa nguvu ya karatasi. Na juu yake tena kulikuwa na mkubwa mwingine: watu walisema Kampuni njo baba, njo mama.

Si ajabu basi kwamba neno lenyewe lilichukuliwa na watu wa kambi kwa njia yao. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyejulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya filozofia ya Wabantu, alitumwa Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953. Pale kikazaliwa kikundi cha Jamaa. Waliingia mume na bibi pamoja, wakaitana baba na mama, wakapata watoto wa kiroho kutoka makabila yote. Walianza na nyumba ya kambi, wakajenga juu yake jamaa isiyo ya damu.

Mwaka 1967 Serikali ilitwaa Kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Posho iliendelea, mpaka miaka ya 1990 mashimo yalipoanguka na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 walitolewa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, aliwaita watoto wa kambi hizo watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Nani aliwapokea? Wale wasiokuwa kwenye karatasi. Bibi aliyeuza unga sokoni, mjomba wa kijijini aliyetuma mihogo, dada aliyeolewa Kasumbalesa.

Lakini ndugu hao hao wanarudi siku ya kilio, na hapa njo tunaumia. Zamani, mfanyakazi akifa, walichukua redio, kitanda, vyungu. Kuta zilibaki za Kampuni. Nyumba nyingi za kambi zilipopita mikononi mwa wafanyakazi, ugomvi ukaingia mpaka kwenye kuta. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 iliwapa watoto robo tatu ya mali, ikamwachia mjane haki ya kukaa mu nyumba. Ndugu wa marehemu wanajibu: mali ni ya jamaa. Mjane anajibu: ni ya nyumba, tulijenga sisi wawili. Tumekaa katika vilio vingi vya namna hii. Wazee wanaongea mpaka usiku, kila upande unasema "jamaa", na ufunguo uko kwenye kitambaa cha mjane, umefungwa mafundo mawili.