Livingstone kule Nyangwe: safari ya njiani na safari ya karatasi

Masomoni tulifundishwa kwamba wasafiri wazungu walikuja kuvumbua inchi yetu. Lakini mutu akisoma vitabu vyao pole pole, anaona kwamba musafiri anajieleza yeye mwenyewe kuliko anavyotueleza sisi. Tuchukue mufano wa Livingstone.

Mwaka wa 1871 alifika Nyangwe, kwenye muto Lualaba, leo katika jimbo la Maniema. Alidhani ule muto ni mwanzo wa Nili. Alitafuta mitumbwi ya kuuteremuka, akaikosa. Wenyeji walimuogopa, sababu walimuona pamoja na wafanya biashara ya watumwa. Yeye alijiita adui wa biashara ile. Lakini bila wale watu, hakuwa na njia wala chakula. Wankambo wetu hawakujua barua zake. Walitazama anatembea na nani, basi.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara wakapiga bunduki katikati ya soko ya Nyangwe. Wengi waliokuwa pale walikuwa wanamama. Wengine walikufa kwa risasi, wengine wakazama ndani ya Lualaba. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona yote, akashindwa kuzuia. Mwezi ule ule akarudi njia ya Ujiji.

Kwa kukosa karatasi, aliandika habari hizo juu ya gazeti ya zamani, na wino wa mimea. Nyuma akazinakili vizuri, na kisha kifo chake cha 1873, kitabu kikatolewa mwaka wa 1874. Kumbe, mwaka wa 2011, wataalamu walisoma tena yale magazeti kwa picha za mwangaza wa pekee. Wakakuta maandiko ya kwanza na ya pili hayalingani kila mahali, zaidi juu ya mwenendo wa watumishi wake mwenyewe.

Njo maana tunasema safari ni mbili: ya njiani na ya karatasi. Ile ya pili, musafiri anaitengeneza.

Ndani ya kitabu, Livingstone ana jina na uchungu wake. Wanamama wa soko wamebakia hesabu tu. Walimu wa Maniema, tuulize wazee na kuandika wanayosimulia, mbele hawajatuacha.